Muuzaji Anyamaze

Mimi ni mtu wa sheria. Sijisifu kwa hilo. Ni kilema kama vilema vingine. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, kwanza kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, halafu hapa Rumonge baada ya kurudi nchini kwetu, na mtu akishika chaki muda wote huo huanza kuamini kwamba hakuna ugomvi duniani usioweza kumalizwa kwa mstari mmoja ulioandikwa vizuri. Majirani hunitania kwamba nikifa nitaacha reglema, yaani orodha ya sheria, ya mazishi yangu, nani abebe jeneza upande gani na nani asiruhusiwe kulia kwa sauti. Mimi hukasirika, wao hucheka, kesho yake tunasalimiana.

Grupu la mnada, la kwenye simu, nililianzisha kwa hasira. Ziwa lilikuwa limepanda na halikushuka tena. Kwanza liliingia kwenye vyoo, kisha kwenye jikoni, kisha watu wa mitaa ya chini wakawa wanaamka na kuweka miguu majini. Wakaanza kuhamia juu ya barabara na vitu walivyoweza kubeba. Vile wasivyoweza kubeba waliviuza, na wanunuzi hawakukawia. Walikuja na magari yao, wakasimama kando ya lami, wakawatazama watu wenye tope mpaka magotini, wakataja bei. Nililiona kwa macho yangu kabati la mbao nzuri, la mwalimu mwenzangu, likienda kwa bei ya kuni. Aliyelinunua alisema anamsaidia.

Jioni ile sikuweza kula. Nilichukua simu nikakusanya namba za majirani, nikaandika kwamba kuanzia Jumamosi, mtu wa kwetu asiuze kitu peke yake barabarani. Apige picha, aweke kwenye grupu, watu wote waione, na anayetaka aseme bei yake mbele ya wenzake. Mnada ungefunguliwa saa nne asubuhi na kufungwa saa tisa alasiri, ili aliyeshinda awahi kuuchukua mzigo wake kabla ya giza. Wasiojua kuandika wangetuma sauti. Wiki chache hazikupita kabla hatujapata watu kutoka Gitaza mpaka Nyanza-Lac. Nilijiona nimefanya kitu, na siwezi kusema uongo, kilikuwa kitu.

Sheria zilikuja moja moja, kila moja na ugomvi wake. Ya kwanza ililetwa na friji iliyopigwa picha upande mmoja tu, ule usiokuwa na kutu. Nikaandika kwamba picha iwe ya pande zote nne, na kasoro itajwe kabla ya sifa. Watu waliipenda sana sheria hiyo. Vijana wakawa wanaitumia hata kwa wachumba, nasikia.

Ya pili ilikuwa nzito zaidi. Mama mmoja wa Kigwena alishinda cherehani ya mtu wa mtaa wetu. Asubuhi iliyofuata alikuja na baiskeli ya kukodi na kamba mpya ya kufungia mzigo. Akakuta mwenye cherehani amemuuzia binamu yake, aliyekuja nyuma akaongeza kidogo. Yule mama hakutukana. Alikaa kwenye jiwe karibu na nyumba yangu, kamba mapajani, akingoja jua lipungue ili arudi. Aliyempelekea maji na mhogo wa kuchemsha alikuwa jirani yangu, mjane, na siku ile ile alikuja barazani kwangu tulikokuwa tumekutana kuzungumza habari hiyo.

Huyu jirani yangu si mtu wa maneno. Kabla ya maji nyumba yake ilikuwa hatua chache tu chini ya yangu, kwenye mteremko, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, hata kwa kuku. Mume wake alikuwa mvuvi, alifariki kwa ugonjwa mwaka mmoja kabla ziwa halijapanda. Yeye aliuza mihogo ya kukaanga kando ya barabara na kulea watoto wanne. Siku ile ya cherehani watu walikuwa wanabishana, wengine wakisema mali ni ya mwenye mali mpaka aitoe mkononi. Yeye akasema, kwa sauti yake ile ya chini, kwamba neno likishatoka lisirudi, kwa sababu yule mama atafika kwake na kamba mpya na mikono mitupu, na watoto wake watamuuliza cherehani iko wapi. Hakuna aliyebisha tena. Nikaandika kama alivyosema: neno likitoka halirudi, si la muuzaji, si la mnunuzi.

Sheria ya tatu ilikuwa yangu mwenyewe. Mwanamume mmoja aliuza kitanda, na tangu mnada ulipofunguliwa hakunyamaza. Alituma sauti juu ya sauti, akaeleza ugonjwa wake, akaeleza dawa, akawataja kwa majina watu waliowahi kula kwake. Watu wakapandisha bei kwa aibu, na aliyeshinda akazima simu siku tatu. Niliona kwamba huo si mnada, ni kuomba kwa kulazimisha. Nikaandika: mnada ukishafunguliwa, muuzaji anyamaze mpaka ufungwe. Niliipenda sheria hiyo kuliko zote. Darasani pia siku zote nimependa kimya.

Maji yalipofika kwenye kizingiti cha jirani yangu, kitu cha kwanza alichotoa ndani hakikuwa godoro wala sufuria. Ilikuwa moteri ya boti ya marehemu mumewe, iliyofungwa kwenye kitenge chake, na wakaibeba yeye na binti yake mkubwa mpaka kwangu, wakaiweka nyuma ya mlango. Mimi nyumba yangu iko juu kidogo. Maji yalinionea huruma. Yeye na watoto walipata nafasi ya kulala kwenye chumba cha shule ya kanisa, pamoja na familia nyingine mbili, na mapazia ya vitenge katikati.

Moteri ilikaa nyuma ya mlango wangu miezi. Kisha siku moja alikuja akakaa, akanieleza kwamba amepata kiwanja. Kilikuwa juu ya barabara, upande wa michikichi, kidogo lakini kikavu. Mwenye kiwanja alimfahamu marehemu, na alikuwa amekubali kumngojea mpaka moteri iuzwe, lakini si zaidi ya wiki moja au mbili, maana wanaotafuta ardhi kavu ni wengi. Kama asingekipata, shemeji yake wa Nyanza-Lac alikuwa amemwambia aende akae kwake. Aliponieleza hilo la shemeji alitazama mikono yake. Sote tumewahi kuwa wageni wa watu, kambini na baada ya kambi, na tunajua kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na siku zinazofuata hupewa mgongo.

"Madamu," akaniuliza, "bei ikikuwa chini, ninaweza kusema?"

"Wewe nyamaza tu," nikamwambia. "Sheria itakusemea."

Nilisema hivyo kwa upendo kabisa. Nilimtengenezea chai, nikampigia picha za moteri mwenyewe, pande nne, na ya tano ya kamba ya kuwashia, iliyokuwa imekatika mara mbili ikafungwa mafundo. Kasoro hiyo tuliitaja mwanzo, kabla ya kusema kwamba mashine inawaka kwa mvuto wa kwanza. Nilimwona amefurahi kwamba tumeitaja.

Jumamosi nikafungua saa nne kamili. Haikupita robo saa, ikaja sauti ya bibi mmoja wa ufukweni, mwenye boti tatu na ulimi wa pilipili, ambaye wavuvi wote wa bandari humwita mama na kumwogopa. Alitaja bei. Ilikuwa bei ndogo, ya kufungulia mazungumzo, lakini sikushangaa, minada yote huanza hivyo. Nikaiweka simu mezani, nikachukua madaftari ya watoto na kalamu nyekundu.

Saa sita nikatazama. Bei ilikuwa ile ile moja. Chini yake hapakuwa na kitu. Niliona kwamba watu wengi wameisikiliza sauti ile, wanawake wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, karibu wote, na wenye boti wa Gitaza. Hakuna aliyesema. Nikafikiri labda watu hawana pesa. Nikafikiri labda mafundo ya kamba yamewatia wasiwasi. Saa nane nikatazama tena. Bado moja. Wakati huo, ninakumbuka vizuri, nilikuwa kama mtu anaposikia harufu ya kitu kinachoungua na hajui kama ni jikoni kwake au kwa jirani. Lakini sheria haikusema chochote kuhusu pua ya madamu. Na muuzaji alikuwa amenyamaza, kama nilivyomwamuru. Saa tisa kamili nikaandika kwamba mnada umefungwa na neno halirudi.

Baada ya dakika chache jirani yangu akaandika neno moja: murakoze. Asante.

Bei ile isingenunua hata nusu ya kiwanja. Nilijua, na kila aliyesoma alijua. Jumapili mchana watu wa bibi walikuja na mkokoteni kuichukua moteri nyumbani kwangu, na jirani yangu alikuja kuikabidhi mwenyewe. Akawapa na spana ya mumewe, na chupa iliyokatwa ambayo marehemu alitumia kumiminia mafuta, vitu ambavyo hatukuviweka kwenye mnada. Kitenge alikivua, akakikunja, akaondoka nacho.

Hapa nifike kwenye sehemu inayoniumiza. Nilimngojea aje kuniomba. Jibu nilikuwa nimelinoa: sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na kama nikiilegeza kwa rafiki yangu, kesho nitawaambia nini wengine. Jumatatu nilikutana naye kwenye robine ya maji. Akanisalimu amahoro, akaniuliza habari za mguu wangu unaovimba, akajaza dumu lake akaenda. Jumanne hali kadhalika. Nikaanza kumkasirikia. Nilimkasirikia kwa sababu hakuja kuniomba kitu ambacho nilikuwa nimejitayarisha kumnyima. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili na kuifuta mara mbili, lakini ndiyo kweli.

Jumatano, baada ya masomo, nilishuka ufukweni kununua ndagala. Kwa kawaida hununua kwa wanawake wa kando ya barabara, zilizokwisha kukauka. Siku ile sikuwakuta, nikaenda mpaka kwenye boti. Miaka yote niliyoishi Rumonge sikuwahi kusimama pale wakati wa kununua samaki wabichi. Mimi ni mtoto wa kambi. Ziwa nimelikuta ukubwani.

Mwanamke mmoja alikuwa ameweka mkono wake juu ya ukingo wa beseni la ndagala. Nyuma yake walisimama wengine watatu, pesa mikononi, na hawakusema neno. Mmoja alikuwa anatazama maji, mwingine anajikuna shingo. Yule mwenye mkono akataja bei. Mvuvi akatikisa kichwa, akasema aongeze. Akaongeza. Mvuvi akatikisa tena. Akaongeza tena kidogo, mvuvi akakataa, ndipo akainua mkono akasogea pembeni bila kinyongo, na wa pili akaweka mkono wake pale pale akataja bei yake. Ilikuwa kubwa kuliko ya mwenzake, tena kwa mbali. Alikuwa nayo muda wote huo, ameikalia kimya.

Nikamuuliza aliyekuwa wa mwisho kwa nini hawakusema tangu mwanzo, wakati mvuvi alikuwa anataka zaidi na wao walikuwa nayo. Akanitazama kama vile mimi ni mtoto aliyeuliza kwa nini watu hawaingii msikitini na viatu.

"Mwenye mali alikuwa hajamaliza kumjibu mwenye mkono, madamu," akasema.

Nikakaa kwenye ukingo wa boti bila kuomba ruhusa. Ndagala sikununua.

Bibi mwenye boti tatu nilimkuta kwenye vitandiko vyake vya wavu, anageuza ndagala ili zikauke upande wa pili. Hakunikaribisha kukaa. Nilimweleza nilichokiona, na sheria yangu ya muuzaji kunyamaza, ambayo alikuwa hajaisikia, nikamuuliza kama Jumamosi ilikuwa hivyo hivyo.

Aliniambia kwamba ile aliyoitaja ilikuwa bei ya kufungua mlango tu. Kila mtu wa ufukweni aliyeisikia alijua hivyo. Alingoja mwenye moteri ajibu, aseme hapana mama, ongeza, naye angeongeza. Alikuwa na pesa nyingine ameiweka tayari, kwa sababu moteri ya marehemu yule anaijua, ameisikia ikipita mbele ya nyumba yake miaka kumi. Akangoja asubuhi, akangoja mchana. Hakuna jibu. Akasema moyoni, labda dada yule ana haraka, labda ameikubali. Nikamuuliza na wale wengine je, wenye boti wa Gitaza, akina mama wa ndagala, kwa nini hawakupandisha. Hapo ndipo aliponitazama.

"Wangesema namna gani, na bei yangu iko mbele ya mwenye mali haijajibiwa? Sisi si imbwa, madamu." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Wewe ulimufunga mudomo. Ukanifanya mimi mwizi, na pesa yangu ilikuwa mukononi."

Friji, kitanda, cherehani, vyote vilikuwa vimegombewa na vijana wa sokoni na watu wa milimani, wanaopandishiana bei kwa kelele kama walivyojifunza kwingine. Moteri ilikuwa kitu cha kwanza kabisa ambacho wanunuzi wake wote walikuwa watu wa ufukweni, watu wenye adabu. Na adabu yao ilikuwa inangoja sauti ya mtu niliyemnyamazisha. Sheria zangu tatu, kila moja ilikuwa ya haki ukiitazama peke yake. Nilizipanga vizuri zikamzunguka mwanamke mmoja mpaka akakosa pa kutokea.

Bibi alivaa viatu vyake. Akasema twende. Njiani watu tuliopishana nao walimsalimu yeye, mimi wakanipita.

Tulimkuta jirani yangu kwenye chumba cha shule, anafunga vitu. Vilikuwa vichache: masufuria yamefungwa kwenye shuka, madaftari ya watoto kwenye mfuko wa plastiki, kile kitenge juu. Mwenye kiwanja alikuwa amekuja jana yake, Jumanne, kwa heshima kabisa, kumwambia kwamba amepata mtu mwingine. Alikuwa amengoja mpaka Jumanne. Mimi Jumapili, Jumatatu na Jumanne nilikuwa nikinoa jibu langu.

Bibi akazungumza. Alisema moteri iko kwake, haijawekwa hata kwenye boti. Aseme yeye mwenyewe bei anayoitaka, sasa hivi, wao wawili wataelewana kama watu wa ziwa, na madamu huyu hapa atashuhudia. Kiwanja kile kimekwenda, lakini viwanja vingine vipo. Alizungumza vizuri. Sikujua kwamba ulimi ule unaweza kuwa laini namna hiyo.

Jirani yangu alimsikiliza mpaka mwisho. Akamkalisha kwenye kiti kimoja kilichokuwapo, yeye akabaki amesimama.

"Mama, nakushukuru," akasema. "Lakini neno lilitoka. Na mimi ndiye nilisema lisirudi."

Bibi akasema ile haikuwa haki, kila mtu anaona. Jirani yangu akakubali kwamba haikuwa haki. Halafu akasema kwamba yule mama wa Kigwena yuko kwenye grupu, husoma kila kitu, na alirudi kwake na kamba mpya mikono mitupu kabla sheria haijakuwapo. Leo neno lirudishwe kwa sababu ni la mtu wa karibu na madamu? Akaniangalia kidogo aliposema hivyo. Hapakuwa na ukali katika macho yake. Ningependelea ukali.

Nilikuwa na uwezo wa kusema kitu. Grupu lilikuwa langu, kalamu ilikuwa yangu. Ningeweza kusema kwamba mnada ule ni batili, kosa ni la mwandishi wa sheria, si la muuzaji wala la mnunuzi, na kwamba nitaandika hivyo mbele ya watu wote. Sikusema. Nilisimama pale na mfuko wangu wa shule, na moyoni, Mungu anisamehe, nilifarijika. Alikuwa ameilinda sheria yangu kuliko mimi, kwa gharama ambayo mimi sikuwahi kulipa, na mimi nilimwachia ailipe.

Bibi aliinuka. Hakumlazimisha tena. Lakini alipofika mlangoni akasema kwamba nyongeza si bei, na hakuna sheria ya mwalimu yeyote inayoweza kukataza nyongeza. Jioni ile ile akamletea gunia zima la ndagala kavu, zilizochaguliwa, na jirani yangu akalipokea kwa mikono miwili. Alhamisi asubuhi akapanda gari la Nyanza-Lac na watoto wake wanne na gunia lile. Mimi nilibeba mfuko wa madaftari mpaka kwenye gari. Tulikumbatiana. Aliniambia nisiuache mguu wangu bila kuuonyesha kwa daktari.

Jumamosi iliyofuata sikufungua mnada. Nilituma sauti ndefu, sikuifuta wala kuirudia. Nilieleza yote, beseni, mkono, bei ya kufungua mlango, siku tatu zangu za kiburi. Nilisema kosa ni langu, maneno ambayo nilipaswa kuyasema katika kile chumba cha shule, na ambayo sasa hayakuwa na kazi kwa yule aliyeyahitaji. Sheria ya tatu niliifuta. Mahali pake nikaandika kwamba bei ikitajwa, muuzaji aulizwe, na ajibu; na mnada usifungwe mpaka aseme mwenyewe kwamba ameridhika au anaondoa mali yake. Neno likitoka bado halirudi. Lakini sasa linatoka kwa watu wawili.

Watu wengi walinijibu vizuri. Mama wa Kigwena alituma sauti fupi, akasema kwamba kama angeulizwa yeye, angesema moteri irudishwe. Hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa na namba yake tangu siku ya cherehani.

Jirani yangu hakujibu kitu. Namba yake ilibaki kwenye grupu, na kila Jumamosi niliiona imesoma. Habari zake nilizipata kwa watu wa njiani: anakaa kwenye chumba cha nyuma cha shemeji, watoto wanasoma, anakamua mawese kwa watu ili apate sehemu yake. Moteri nayo naisikia. Hupita asubuhi boti zinaporudi, na ina mlio wa kukohoa mara mbili kabla haijazimwa. Nikiisikia darasani, huacha kuandika ubaoni mpaka inyamaze. Watoto wamezoea, wanadhani madamu anapumzisha mguu.

Ulipita msimu mzima wa mvua kabla hajaonekana tena. Jumamosi moja, saa nne na dakika chache, ikaingia picha kutoka kwake. Madumu sita ya mawese, pande zote nne, na chini yake ameandika kwamba dumu la tano lina mfuniko usiofunga vizuri. Wa kwanza kutaja bei alikuwa bibi mwenye boti tatu, kwa sauti, na ilikuwa bei ndogo, ya kufungua mlango. Wengine wote wakanyamaza, kama ilivyo desturi yao.

Niliandika kama sheria inavyotaka, na sikuongeza hata neno la salamu: muuzaji, umeridhika?

Niliona kwamba anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Bado," akasema.

Bibi akaongeza. Nikamuuliza tena, akasema bado. Bibi akainua mkono wake, kwa maneno, akampisha mama mmoja wa Gitaza, naye akataja bei yake, nami nikauliza. Saa tisa ilifika, ikapita. Sikufunga. Tulikuwa watu wengi mle ndani, wa ufukweni na wa milimani, na hakuna aliyelalamika. Tulikaa tukimngoja aseme.